Sarafu ya 1964 kutoka nchi iliyokufa 1963

LUBUMBASHI – Kuna sarafu ndogo ya rangi ya kahawia, yenye tundu katikati na twiga wawili, mmoja kila upande wa tundu. Ni nusu peni. Imeandikwa jina la Rhodesia na Nyasaland, na mwaka wake ni 1964. Mtu anayejua historia ya ng'ambo ya Kasumbalesa akiisoma atashangaa kidogo, kwa sababu nchi hiyo ilivunjwa rasmi tarehe 31 Desemba 1963. Ilipofika siku ya kwanza ya 1964, Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland halikuwapo tena. Hata hivyo sarafu zake ziliendelea kutengenezwa.

Si sarafu bandia, na mwaka wake haukukosewa. Mataifa matatu yaliyotoka katika shirikisho hilo bado yalihitaji pesa za chenji sokoni, na pesa zao wenyewe hazikuwa tayari. Kwa hiyo nusu peni yenye twiga na peni tatu yenye ua zilitoka tena zikiwa na mwaka wa 1964, zikibeba jina la serikali isiyo na bunge, isiyo na waziri mkuu, wala bendera. Serikali ilikwisha kuzikwa, lakini pesa yake ilikuwa bado inanunua chumvi.

Kwa wakaaji wa Katanga habari hii haiko mbali. Katika mwaka huohuo wa 1963, mwezi wa Januari, nchi nyingine ilikufa upande huu wa mpaka: Katanga ya Moïse Tshombe. Nayo iliacha sarafu zake. Nchi mbili jirani, zote mbili zimejengwa juu ya shaba ileile, zilianza mwaka mmoja zikiwa hai na kuumaliza zikiwa hazipo. Kilichobaki mkononi ni vipande vya chuma ambavyo leo hulala katika makopo ya vifungo, katika masanduku ya mababu, na katika mikono ya wakusanyaji wanaojua maana yake.

Mpaka uliotokana na sahihi iliyokataliwa

Ili kuelewa sarafu za Rhodesia zinahusianaje na Katanga, lazima kurudi nyuma mpaka Bunkeya. Mwaka 1890 Cecil Rhodes, tajiri wa almasi na dhahabu aliyekuwa na kampuni yenye hati ya kifalme kutoka Uingereza, alikuwa anaitafuta Katanga kwa sababu ya shaba yake. Alfred Sharpe, Mwingereza, alifika kwa Mwami Msiri mwezi wa Novemba mwaka huo akiwa na mkataba wa kutiwa sahihi. Msiri alikataa. Mwaka uliofuata ukaja msafara wa Stairs kwa niaba ya Leopold II, na tarehe 20 Desemba 1891 Msiri akapigwa risasi na kufa. Katanga ikaingia katika Dola Huru la Kongo, na nchi ya kusini yake ikachukua jina la Rhodes. Sharpe mwenyewe baadaye alikuwa gavana wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi.

Hivyo mpaka ukapita katikati ya shaba. Walamba wakajikuta wengine upande wa Wabelgiji, wengine upande wa Waingereza. Lakini mpaka wa karatasi haukuzuia watu wala pesa. Reli ilipofika Elisabethville mwaka 1910, ilitoka kusini, kupitia Rhodesia na Sakania. Union Minière ilileta wafanyakazi wengi kutoka Rhodesia ya Kaskazini katika miaka yake ya mwanzo, na shilingi za Kiingereza zilizunguka Elisabethville pamoja na franka za Wabelgiji. Mzee wa Kipushi au Sakania akikutwa na peni yenye tundu katika kopo lake, hakuna ajabu. Njia ya peni hiyo ilikuwa fupi.

Ndoa ya lazima

Mwaka 1953 Waingereza waliunganisha makoloni matatu: Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya uchumi. Rhodesia ya Kusini ilikuwa na viwanda, mashamba makubwa na walowezi wengi. Rhodesia ya Kaskazini ilikuwa na shaba ya Kitwe, Mufulira, Luanshya na Chingola. Nyasaland ilikuwa na watu wengi na kazi chache, na vijana wake walikuwa wamezoea kwenda mbali kutafuta mshahara. Kila mmoja alete alicho nacho, ndivyo ilivyosemwa, na wote watanufaika.

Waafrika wa kaskazini na wa Nyasaland walipinga tangu mwanzo. Waliogopa kwamba walowezi wa Salisbury ndio watakaokuwa wenye nyumba, na wao watakuwa wageni katika nchi zao wenyewe. Hawakukosea. Bunge la kwanza la shirikisho lilikuwa na wabunge 35, na kati yao Waafrika walikuwa 6 tu, wawili kwa kila nchi. Walowezi waliuita mpango huo ubia. Waziri mkuu wa kwanza, Godfrey Huggins, aliulinganisha ubia huo na ule wa farasi na anayempanda. Haikuhitajika kuuliza nani farasi.

Mwaka 1956 Roy Welensky, aliyewahi kuwa dereva wa treni na mcheza ndondi, alichukua nafasi ya Huggins. Fedha za kodi ya shaba ziliingia katika mfuko wa shirikisho, na mji mkuu wa shirikisho ulikuwa Salisbury. Bwawa la umeme lilipotakiwa, watu wa kaskazini walitaka lijengwe katika mto Kafue. Likajengwa Kariba, katika mto Zambezi, na kituo cha kwanza cha kuzalisha umeme kikawekwa upande wa kusini. Watonga zaidi ya 50,000 wa pande zote mbili za mto walihamishwa ili maji yapande. Mpaka leo Kariba ni bwawa kubwa linalotumiwa na Zambia na Zimbabwe, na mpaka leo Watonga wanasimulia makaburi yaliyobaki chini ya maji.

Sarafu saba

Katika hali hiyo ndipo pesa mpya ilipotoka, mwaka 1955. Kabla ya hapo sarafu za Rhodesia ya Kusini zilitumika pia katika nchi nyingine mbili. Sasa shirikisho lilitaka pesa yenye jina lake lenyewe, maana pesa ni bendera inayoingia mpaka mfukoni mwa asiyehudhuria sherehe.

Hesabu ilikuwa ya Kiingereza: peni 12 ni shilingi, shilingi 20 ni pauni. Sarafu zilikuwa saba. Nusu peni na peni zilikuwa za shaba iliyochanganywa, za rangi ya kahawia na zenye tundu. Kwenye nusu peni waliwekwa twiga, kwenye peni ndovu wawili. Sarafu nyingine tano zilikuwa nyeupe: peni tatu, peni sita, shilingi, shilingi mbili, na shilingi mbili na nusu, ambayo Waingereza waliiita nusu krauni.

Peni tatu ilibeba ua ambalo petali zake hupinda kwenda juu kama ndimi za moto. Shilingi ilibeba swala mkubwa mwenye pembe. Shilingi mbili ilikuwa na furukombe, yule tai mla samaki, akiwa ameshika samaki katika kucha zake. Na nusu krauni ilikuwa na nembo nzima ya shirikisho.

Nembo hiyo inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndani yake wachoraji walijaribu kufunga ndoa ile kwa picha. Jua linalochomoza lilitoka Nyasaland. Simba alitoka Rhodesia ya Kusini. Mistari ya mawimbi, mfano wa maji ya Maporomoko ya Victoria, ilitoka Rhodesia ya Kaskazini. Juu yake alikaa furukombe na samaki wake. Chini kulikuwa na maneno ya Kilatini, Magni Esse Mereamur, yaani: tustahili kuwa wakuu.

Upande wa pili wa sarafu nyeupe kuna kichwa cha Malkia Elizabeth wa Pili akiwa kijana, kazi ya mchongaji Mary Gillick, sura ileile iliyotumika Uingereza kwenyewe. Kwenye sarafu zenye tundu kichwa kisingeweza kukaa, kwa hiyo likawekwa taji tu juu ya tundu na jina la malkia kuzunguka.

Mtu akizipanga sarafu zote saba mezani, ataona twiga, ndovu, swala, ndege, ua, jua na malkia. Hatamwona mtu hata mmoja wa nchi zile tatu. Mchimbaji wa Mufulira hayumo, mkulima wa Zomba hayumo. Wanyama wa Afrika walipata nafasi katika pesa ya shirikisho. Mwafrika hakupata. Hotuba nyingi zilitolewa kuhusu ubia, lakini sarafu hizo zilisema ukweli bila kukusudia.

Shaba ndani ya weupe

Wauzaji wengine huziita sarafu zile nyeupe sarafu za fedha, yaani madini ya fedha, na kuzipandishia bei. Si kweli. Sarafu za kwanza za Rhodesia ya Kusini za mwaka 1932 zilikuwa na fedha halisi, lakini desturi hiyo ilikwisha baada ya vita kuu vya pili. Sarafu nyeupe za shirikisho ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, na sehemu kubwa ya mchanganyiko huo ni shaba. Weupe wake ni wa nikeli. Shaba imejificha ndani.

Na hilo ndilo shirikisho lenyewe kwa ufupi. Kilichoonekana nje kilikuwa Salisbury, majengo yake, walowezi wake, bwawa lake. Kilichobeba uzito wote kilikuwa shaba ya kaskazini na jasho la waliokuwa wanaichimba.

Upande wa Kongo watu hawakuhitaji kufundishwa somo hilo. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na faida ilikuwa inapanda meli kwenda Brussels. Ndiyo sababu historia za pande mbili za mpaka ule zinafanana kama ndugu waliolelewa na walezi wawili tofauti.

Mwaka wa moto

Mwaka 1959 mambo yaligeuka. Tarehe 4 Januari Léopoldville iliwaka, na Wabelgiji wakaanza kuharakisha habari ya uhuru. Miezi miwili baadaye, tarehe 3 Machi, hali ya hatari ilitangazwa Nyasaland. Daktari Hastings Banda, aliyekuwa amerudi nyumbani mwaka mmoja tu kabla, alikamatwa na kupelekwa gerezani Gwelo, Rhodesia ya Kusini. Siku hiyohiyo watu walipigwa risasi huko Nkhata Bay, kando ya ziwa. Malawi inawakumbuka mashujaa wake kila tarehe 3 Machi mpaka leo. Huko Rhodesia ya Kaskazini, Kenneth Kaunda naye alitiwa gerezani.

Kongo ikapata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku 11 baadaye, tarehe 11 Julai, Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Welensky, upande wa pili wa mpaka, alimpenda jirani wa namna hiyo. Kwa macho yake Katanga ilikuwa ukuta kati ya shirikisho lake na upepo wa uhuru unaotoka kaskazini. Hakuificha huruma yake kwa Tshombe, na njia ya Ndola ikawa mlango wa Katanga kwenda nje.

Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, ndege iliyomchukua Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka karibu na Ndola. Alikuwa anakwenda kuonana na Tshombe ili vita visimame. Alikufa katika ardhi ya shirikisho kwa ajili ya mgogoro wa Katanga. Kama kuna siku moja inayoonyesha jinsi nchi hizo mbili zilivyokuwa zimefungwa pamoja, ni siku hiyo.

Msalaba kwenye franka

Katika mwaka huohuo wa 1961 Katanga nayo ilitoa sarafu zake: franka 1 na franka 5. Upande mmoja kuna ndizi. Upande wa pili kuna msalaba wa shaba wa Katanga, ule wenye mikono minne iliyo sawa.

Hapo kuna tofauti kubwa na sarafu za jirani. Msalaba ule haukubuniwa na mchoraji wa Ulaya. Ulikuwa pesa yenyewe, karne nyingi kabla ya mzungu wa kwanza kufika. Misalaba ya shaba imepatikana katika makaburi ya kale ya Sanga, katika bonde la Upemba, imewekwa pamoja na wafu. Mafundi wa Katanga waliyeyusha shaba na kuimimina katika umbo hilo, na misalaba ikasafiri mbali kwa biashara. Kwa hiyo sarafu ya 1961 ilikuwa pesa iliyobeba picha ya pesa ya zamani zaidi.

Lakini alama ya kweli haifanyi nchi kuwa ya kweli. Katanga ya Tshombe ilisimama kwa msaada wa Wabelgiji, kampuni ya shaba na askari wa kukodiwa, na wakati huohuo Baluba wa kaskazini mwa Katanga walikuwa wanakufa na kukimbia vijiji vyao. Makumi ya maelfu walikusanyika katika kambi ya wakimbizi Elisabethville. Msalaba wa mababu ulitumika kupamba serikali ambayo sehemu kubwa ya watoto wa mababu haohao walikuwa wanaikimbia. Anayekusanya franka ya Katanga anashika vitu viwili kwa pamoja: fahari ya kale na jeraha ambalo bado halijafungwa vizuri. Ni vema avishike vyote viwili.

Mnamo Januari 1963 Tshombe alikubali kwamba kujitenga kumekwisha, na askari wa Umoja wa Mataifa wakaingia Kolwezi. Miezi kumi na moja baadaye shirikisho la Welensky nalo likafungwa.

Kila mmoja alirudi na alama yake

Ndoa inapovunjika, kila mmoja huchukua vyombo vyake. Ndivyo ilivyokuwa. Malawi ilipata uhuru tarehe 6 Julai 1964, na jua linalochomoza likaenda kwenye bendera yake. Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, na furukombe akaruka kutoka kwenye shilingi mbili mpaka kwenye bendera yake. Ua la moto lilibaki kusini. Kwanza lilikuwa kwenye peni sita ya Rhodesia mwaka 1964, na baadaye likawa ua la taifa la Zimbabwe, iliyopata uhuru wake mwishoni kabisa, tarehe 18 Aprili 1980, baada ya vita.

Sarafu mpya zikatoka. Ya Malawi ilimweka Banda mwenyewe pale alipokuwa malkia, na jogoo wa chama chake upande wa pili wa peni sita. Zambia ilianza na nembo ya taifa, na baadaye sura ya Kaunda ikaonekana. Watu wawili waliofungwa na shirikisho sasa walikuwa wanatazama kutoka kwenye pesa.

Zambia ilipoacha pauni mwaka 1968, na Malawi ilipofanya hivyo mwaka 1971, zote mbili zilichagua jina lilelile kwa pesa yao: kwacha. Maana yake kumekucha. Neno hilo ndilo lililopigiwa kelele katika mikutano ya kupinga shirikisho, na Wabemba wa Katanga hawahitaji mtu wa kuwatafsiria. Kelele ya mkutano ikawa jina la pesa. Wale ambao hawakupata nafasi kwenye sarafu za 1955 waliingia kwa sauti yao.

Namna ya kuzikusanya

Faida ya sarafu hizi kwa mtu anayeanza ni kwamba nyingi si ghali. Zilitengenezwa kwa wingi na bado zipo. Aina ni saba tu, na mtu mwenye subira anaweza kuzikamilisha. Asiingie akidhani atatajirika. Bei hupanda kwa sarafu ambazo hazikutumika sana, zile ambazo manyoya ya furukombe na nywele za malkia bado yanaonekana wazi.

Mwaka ni wa kuangaliwa. Shilingi, shilingi mbili na nusu krauni zina miaka mitatu tu: 1955, 1956 na 1957. Mtu akileta shilingi ya shirikisho ya mwaka 1962, kuna jambo. Sarafu ndogo ndizo zilizoendelea, mpaka ile nusu peni na ile peni tatu za 1964.

Sumaku ni rafiki. Shaba iliyochanganywa haivutwi na sumaku, na ule mchanganyiko wa shaba na nikeli pia hauvutwi. Sarafu inayorukia sumaku si ya shirikisho. Kwa upande wa Katanga, ipo pia franka 5 ya dhahabu ya mwaka 1961. Dhahabu ina uzito wake na shaba ina wake, kwa hiyo mizani ya sonara itasema kabla ya muuzaji. Asiyekuwa na mizani asinunue.

Kosa kubwa kuliko yote ni kusugua. Watu wengi wakipata peni nyeusi hukimbilia ndimu, majivu au dawa ya meno ili ing'ae. Inang'aa kweli, lakini ngozi yake imechunwa, na mkusanyaji anayejua hataitaka tena. Weusi ule ni umri wake. Vumbi lifutwe kwa maji na kitambaa laini, sarafu ikauke vizuri, kisha ifungwe katika karatasi safi, mbali na unyevu na mbali na plastiki laini ambayo baada ya miaka huacha utelezi wa kijani.

Na jambo la mwisho haligharimu chochote: kuuliza. Sarafu iliyotoka kwenye kopo la bibi ina habari ambayo ile ya sokoni haina. Nani aliileta? Alikuwa anafanya kazi wapi, Luanshya au Kipushi? Ililipwa kwa kazi gani? Kwa nini hakuitumia? Majibu hayo yaandikwe kwenye kipande cha karatasi na kuwekwa pamoja na sarafu. Bila karatasi hiyo, mzee akiondoka, peni inabaki peni tu, kama maelfu ya nyingine.

Pesa hufa, habari hubaki

Mkongomani anajua vizuri pesa inavyokufa. Mwishoni mwa 1979 noti kubwa za zaire zilifutwa kwa muda wa siku chache, na waliokuwa wamezificha vijijini wakabaki na karatasi. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani milioni tatu. Mwaka 1998 franka ikarudi. Katika nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ziko noti ambazo hazinunui hata kiberiti, lakini hakuna anayekubali kuzitupa.

Hakuna ujinga katika kuzitunza namna hiyo. Pesa ni ahadi ya serikali kwa anayeishika. Serikali ikifa, ahadi inabaki mkononi mwa mtu kama ushahidi wa nani aliahidi nini. Sarafu za shirikisho ziliahidi ubia ambao haukuwapo. Franka za Katanga ziliahidi nchi ambayo haikudumu miaka mitatu. Wote walioahidi wameondoka: Huggins, Welensky, Tshombe, na kampuni zao pia zimebadili majina.

Malori ya shaba bado yanapanga foleni Kasumbalesa kwenda kusini, usiku na mchana, kwenye mpaka uleule uliochorwa baada ya Msiri kukataa kutia sahihi. Swali la mwaka 1955 bado liko njiani pamoja nayo: shaba inatoka wapi, na faida yake inakwenda wapi. Nusu peni ya mwaka 1964, ndogo kuliko kifuniko cha chupa, inaweza kumfanya mtoto wa shule aulize swali hilo. Kwa hiyo kabla kopo la bibi halijamwagwa kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu, litazamwe kwanza, na bibi aulizwe angali yupo.